Gari Lililodanganya Kwenye Mtihani



Wengi wetu tulifanya mtihani wa kisomo. Msimamizi alikuja, akatupa karatasi, tukasoma na kuandika mbele yake. Aliyefaulu alipewa cheti. Lakini cheti hicho kina faida gani kama ukifika nyumbani huwezi kusoma maandishi ya mfuko wa mbolea? Elimu ya kweli hufanya kazi shambani na dukani, siyo darasani tu.

Magari nayo hufanyiwa mtihani. Leo tunaeleza jinsi kampuni kubwa ilivyoyafundisha magari yake kufaulu mtihani tu, na kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi tunaoishi mjini Moshi na kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro.

Moshi wa gari una nini?

Injini ya dizeli huchoma mafuta kwa joto kali. Katika moshi wake kuna vitu viwili vibaya hasa. Cha kwanza ni masizi. Hayo tunayaona. Fuso lililojaa saruji likipanda kwenda Marangu huacha wingu jeusi nyuma yake.

Cha pili ni gesi ziitwazo oksidi za naitrojeni. Hewa tunayovuta ina naitrojeni na oksijeni. Ndani ya injini yenye joto kali, hizo mbili huungana na kuwa sumu. Mara nyingi huwezi kuiona sumu hii. Lakini huwasha mapafu na kuzidisha pumu. Wanaoumia zaidi ni watoto, wazee na wagonjwa.

Kwa hiyo nchi nyingi zimeweka kipimo ambacho gari halitakiwi kukizidi. Viwanda hufunga vifaa kwenye bomba la moshi, yaani ekzosi, ili kupunguza sumu. Baadhi ya magari hubeba tangi dogo la maji yenye urea. Ndiyo, urea ileile tunayoijua kwenye mbolea. Ikinyunyizwa kwenye moshi wa moto, husaidia kuigeuza sumu iwe hewa isiyo na madhara.

Udanganyifu ulifanyikaje?

Kwa miaka mingi mtihani ulifanyika ndani ya chumba. Matairi ya gari huwekwa juu ya vyuma vya duara vinavyozunguka. Gari linakimbia, lakini haliendi popote. Usukani haugeuzwi. Mwendo hufuata ratiba ileile kila mara.

Kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani ilitumia nafasi hiyo. Gari la siku hizi lina kompyuta inayoongoza injini. Kompyuta ya magari hayo ilifundishwa kutambua: usukani hauendi kulia wala kushoto, mwendo ni wa ratiba, basi huu ni mtihani. Hapo vifaa vya kusafisha moshi vilifanya kazi vizuri. Gari likitoka barabarani, kompyuta ilipunguza usafishaji, na sumu ikatoka kwa wingi. Hivyo kampuni iliweza kuuza gari lenye nguvu, lisilokula mafuta mengi, na kulisifu kuwa ni safi.

Nani aligundua?

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, Marekani, walifanya jambo rahisi. Walipakia mitambo ya kupimia nyuma ya gari, wakaiunganisha na ekzosi, wakaendesha barabarani kama watu wengine. Gari moja waliliendesha kutoka Los Angeles hadi Seattle. Hawakuwa wanamtafuta mwizi. Walitegemea kuona magari safi. Lakini gari aina ya Jetta lilitoa sumu mara 15 hadi 35 ya kipimo kilichoruhusiwa.

Serikali ya Marekani ilitangaza kosa hilo tarehe 18 Septemba 2015. Kampuni ilikiri kwamba magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa na ujanja huo. Mkuu wa kampuni alijiuzulu mwezi huohuo. Mwaka 2017 kampuni ilikiri hatia mbele ya mahakama ya Marekani, ikakubali kulipa adhabu ya dola bilioni 4.3, mbali na fedha nyingi za fidia. Mwaka huohuo nchi za Ulaya zilianza kupima magari mapya barabarani, siyo chumbani tu.

Sisi yanatuhusu nini?

Msomaji anaweza kusema, "Hayo ni ya Ulaya na Marekani. Sisi magari yetu mengi yanatoka Japani." Basi sikilizeni. Mwezi Machi 2022 kampuni ya Hino ya Japani, ambayo malori na mabasi yake tunayajua sana, ilikiri kudanganya kwenye mitihani ya injini zake. Kulikuwa na mtihani wa kuona kama vifaa vya kusafisha moshi vinadumu baada ya kazi ndefu. Kwa injini moja, kifaa cha kwenye ekzosi kilibadilishwa katikati ya mtihani, kikawekwa kipya. Ni sawasawa na mtu anayeazima tairi jipya siku ya ukaguzi, kisha akalirudisha jioni.

Hatusemi kila Hino ni bovu. Tunasema karatasi ya mtihani peke yake haitoshi.

Tena magari mengi yanatufikia yakiwa yametumika miaka mingi. Yapo yanayofika bila kifaa cha kusafisha moshi, kwa sababu kifaa hicho kina madini ya thamani na watu hukiondoa wakakiuza. Gari la namna hiyo hata kama lilifaulu kweli lilipokuwa jipya, leo cheti chake hakina maana.

Na mlima wetu ni mtihani mgumu. Mji wa Moshi uko kwenye mita zisizofika 1,000 juu ya usawa wa bahari. Lango la Marangu liko juu ya mita 1,800. Gari lenye mzigo likipanda huko huchoma mafuta mengi, na kadiri linavyopanda hewa inazidi kuwa nyepesi. Watoto wa shule wanatembea kando ya barabara hiyohiyo.

Kupima mahali pa kazi

Hapa kwetu Tanzania tumewahi kuona faida ya kupima mahali pa kazi. Wajanja walikuwa wakichanganya mafuta ya taa kwenye dizeli. Watu wakauita mchezo huo uchakachuaji. Mwaka 2010 EWURA ilianza kutia kwenye mafuta alama isiyoonekana kwa macho. Wakaguzi huchukua mafuta kwenye kituo yanapouzwa, wakapima alama hiyo. Ikiwa imepungua, mafuta yamechanganywa. Mafuta yaliyokuwa safi bandarini yanaweza kuwa machafu yakifika kwenye pampu.

Moshi wa gari nao unafaa kupimwa hivyo: kwa mtambo, barabarani, gari likiwa kazini, bila dereva kupewa taarifa. Macho hayatoshi, kwa kuwa sumu mbaya haionekani.

Lakini yapo tunayoweza kuyafanya sasa. Kikundi au chama cha ushirika kikitaka kununua gari lililotumika, msiridhike kusikia injini ikinguruma uani mwa muuzaji. Lipakieni mzigo, lipandeni nalo mlima, na mtu mmoja atazame ekzosi. Moshi mweusi mara nyingi maana yake ni chujio la hewa limeziba au nozeli ni mbovu. Moshi wa bluu maana yake injini inakula oili. Fundi achungulie chini kuona kama vifaa vya ekzosi vipo. Dereva asizidishe mzigo, na azime injini anaposubiri abiria stendi. Wazazi tuwakataze watoto kusimama nyuma ya gari linalounguruma.

Jamani, mtihani si kitu kibaya. Kibaya ni mtihani ambao mtahiniwa anajua siku, mahali na swali kabla ya kuingia. Mapafu yetu hayavuti hewa ya chumba cha mtihani. Yanavuta hewa ya barabarani.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kompyuta ya gari ilitambuaje kwamba gari liko kwenye mtihani?
2. Kwa nini haitoshi kuutazama moshi kwa macho?
3. Ni magari gani yanayotoa moshi mwingi katika kijiji chetu, na tumweleze nani?