‘Ni hapo tu!’ Nusu dakika ya kuamua kabla ya kupanda nduthi

Pita kwenye steji yoyote ya boda Nairobi asubuhi, iwe Pipeline, Githurai au Kawangware, uhesabu helmeti. Utaziona nyingi. Moja imening’inia kwa kiwiko cha mwendeshaji, nyingine imetundikwa kwenye usukani, ya tatu imekalia tangi la mafuta kama mtoto anayepelekwa shule. Sasa hesabu zilizo kwa vichwa vya abiria. Kazi hiyo utaimaliza haraka.

Sababu tunazijua, na si za uongo. Helmeti ya abiria inanuka jasho la watu ishirini waliobebwa kabla yako. Umesukwa juzi na pesa yako bado inakuuma. Mkanda wa kidevu ulikatika zamani. Halafu kuna ile sababu kubwa kuliko zote: ni hapo tu, dakika tano, soo moja, tumefika.

Tuanze na hiyo “hapo tu.” Ukikaa juu ya pikipiki, kichwa chako kiko kama mita moja u nusu kutoka kwa lami. Kikianguka kutoka hapo, hata kama pikipiki imesimama tuli, kinagonga chini kwa kasi inayokaribia kilomita 20 kwa saa. Hapo bado hujaongeza mwendo wa nduthi yenyewe, wala ile matatu iliyo nyuma yenu inayokimbilia abiria. Umbali wa safari hauingii popote kwenye hesabu hii.

Nchini Kenya zaidi ya watu 4,000 hufa barabarani kila mwaka, na wanaopanda pikipiki ni sehemu kubwa ya idadi hiyo. Kilichobadilika si siri. Serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki zenye injini ndogo, karibu mwaka wa 2008, nduthi ikawa kazi ya vijana wengi na usafiri wa karibu kila mtu. Sheria ilifuata nyuma. Marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya mwaka 2012 yanamtaka mwendeshaji na abiria wake wote wawili wavae helmeti na jaketi la reflekta, na yanaruhusu abiria mmoja pekee. Mmoja. Wale wawili unaobanana nao Ijumaa usiku mkitoka klabu, mkiwa mmechanga nauli, hawamo kwenye sheria hiyo.

Je, helmeti inasaidia kweli? Uchambuzi wa Cochrane uliotolewa mwaka 2008, uliokusanya tafiti kutoka nchi nyingi, ulikadiria kuwa inapunguza hatari ya kufa kwenye ajali ya pikipiki kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kitu gani kingine kinachouzwa madukani kinakupa hesabu kama hiyo?

Ila inabidi ujue inavyofanya kazi, kwa sababu nyingi zinazozunguka mjini ni mapambo tu. Ganda la nje linatawanya kishindo ili kisikae mahali pamoja. Lakini kazi kubwa inafanywa na lile povu gumu la ndani. Ukigonga chini, povu linabonyea, na huko kubonyea kunaupa ubongo nafasi ya kupunguza mwendo badala ya kusimama ghafla ndani ya fuvu. Povu likishabonyea halirudi. Ndiyo maana helmeti iliyowahi kugonga lami kwa nguvu imeshamaliza kazi yake, hata kama kwa nje imepakwa rangi upya ikang’aa. Kofia ya mjengo haina povu la namna hiyo. Imetengenezwa kwa ajili ya kokoto inayodondoka kutoka ghorofani, si kwa kichwa kinachoruka kutoka kwa pikipiki.

Halafu mkanda. Helmeti isiyofungwa hutoka kichwani mapema, mara nyingi kabla hujafika chini, na unabaki ulivyokuwa bila hiyo. Funga mpaka vidole viwili tu vipite kati ya mkanda na kidevu. Tikisa kichwa. Kama helmeti inabaki nyuma huku kichwa kikienda kando, hiyo ni ya mtu mwingine mwenye kichwa kikubwa.

Kuhusu harufu na nywele, sioni haja ya kumcheka mtu. Dada aliyelipa elfu mbili na kukaa saluni saa tano ana haki ya kuogopa helmeti yenye mafuta ya nywele za wengine. Dawa zipo. Kofia nyepesi ya plastiki ya kuogea au kitambaa cha satini huingia kwenye pochi bila kuonekana, na vyote hulinda nywele na ngozi ya kichwa. Mtindo wa kufunga nywele juu kama mnara ndio unaoleta shida, maana helmeti haitashuka mpaka kwenye paji la uso. Nywele ziteremshe, uzifunge nyuma ya shingo.

Na kama unapanda boda kwenda kazini na kurudi siku tano kwa wiki, hizo ni safari karibu 500 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo, nunua yako. Maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road na mengine mitaani yanaziuza. Tafuta alama ya ubora ya KEBS, ijaribu kichwani kabla ya kulipa, na uachane na ya mitumba kwa sababu huwezi kujua imeanguka mara ngapi. Ndiyo, utaonekana umebeba helmeti kwenye lifti ya ofisi. Watazoea.

Sasa mwendo, na hapa tuambiane ukweli. Tunapenda kusema nduthi guys ni vichaa. Wengi wao wanaendesha pikipiki ya mtu mwingine au ya mkopo, na kuna hesabu ya kupeleka kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Anayesema “boss, kimbiza, nimechelewa” ni nani? Mwendo tunaununua sisi.

Basi tuone tunanunua nini. Safari ya kilomita tano kwa mwendo wa 40 ni dakika saba na nusu. Kwa mwendo wa 60 ni dakika tano. Umeokoa dakika mbili na nusu, tena kama hakuna mataa wala foleni, jambo ambalo Nairobi ni ndoto. Ulicholipia ni hiki: chukua barabara kavu, breki nzuri na mwendeshaji anayeshtuka ndani ya sekunde moja. Matatu inasimama ghafla mita 25 mbele yenu. Aliye kwa 40 anasimama akiwa amebakisha mita moja au mbili. Aliye kwa 60 anaigonga akiwa bado na kasi ya kama 50. Kumbuka 50 ndiyo kikomo cha mwendo mjini. Yaani baada ya kufunga breki zote, bado anagonga kwa kasi ambayo wengine wanaendeshea kawaida.

Kwa hivyo bonga naye kabla hujapanda. “Twende mos mos, sina haraka.” Wengi hufurahi kusikia hivyo. Ukiona simu imechomekwa kati ya helmeti na sikio lake, mwambie amalize kuongea kwanza. Akinuka pombe, usibishane, chukua wa pili kwenye steji. Akitaka kuingia upande wa magari yanayokuja ili kukwepa foleni, mguse bega umwambie ushukie hapo. Nauli utamlipa, sawa. Ni hasara ndogo.

Mvua ina ujanja wake. Zile dakika za kwanza baada ya kiangazi ndizo mbaya zaidi, kwa sababu maji yanainua mafuta na vumbi vilivyokaa kwenye lami, na barabara inateleza kama imepakwa sabuni. Mistari ya rangi ya zebra na vifuniko vya chuma vya mitaro huteleza kuliko lami yenyewe. Na ule mwavuli mkubwa wa boda tunaoupenda, upepo wa Thika Road au wa lori linalopita Mombasa Road unaweza kuushika kama tanga la jahazi.

Usiku, kama taa ya nyuma haiwaki, usipande. Dereva wa trela hatawaona.

Kukaa nako kuna namna yake. Panda na ushuke upande wa kushoto, kwa sababu eksozi ya pikipiki nyingi za boda iko kulia, na lile kovu la mviringo kwenye mguu wengi wetu tunalijua. Kaa ukitazama mbele, miguu yote miwili kwenye vikanyagio. Kukaa upande kwa sababu ya sketi ni noma: huna cha kubana kwa magoti na uzito wote umeegemea upande mmoja. Leso, mtandio, baibui au kamba ndefu ya begi, kunja na ukalie ncha zake, kwani mnyororo na spoku za gurudumu huvuta kitambaa haraka kuliko utakavyowahi kupiga kelele.

Na ukimkuta mwingine ameanguka? Kwanza mtu asimame nyuma kuzuia magari. Piga 999 au 112. Asivutwe kwa mikono na miguu, asiketishwe, asipakiwe kwenye nduthi nyingine akiwa katikati kama gunia, maana shingo au uti wa mgongo ukiwa umevunjika, safari hiyo inaweza kumpooza maisha yake yote. Helmeti mwachie kichwani kama anapumua vizuri. Fungua kioo cha usoni tu. Damu ikitoka sana, bonyeza jeraha kwa kitambaa safi na usiachilie. Kama bado anaongea, muulize jina lake na nambari ya mtu wa nyumbani, uandike palepale kwenye simu yako, kwa sababu huenda baada ya dakika chache asiweze kukujibu.