Jua Msimu wa Shamba Lako



Bila shaka umelisoma neno "msimu" mara nyingi: katika matangazo ya ofisi ya kilimo, katika karatasi za chama cha ushirika, na juu ya mifuko ya mbegu. Ni neno fupi, na kila mtu hudhani analijua. Mimi pia nilidhani hivyo. Nilisomea ualimu kabla sijawa karani wa ofisi ya kilimo, na mwalimu hapendi kukiri kwamba neno la kila siku limemshinda. Lakini neno hili lilinishinda, na aliyelipa hasara hakuwa mimi. Kwa hiyo leo nataka tulichungue pamoja, tujue lilikotoka na maana zake, ili lisimtie mtu mwingine hasarani.

MZEE ALIYENGOJA MVUA YA KWELI

Miaka michache iliyopita niliandika tangazo katika ofisi moja ya upande wa Trans Nzoia. Lilibandikwa mlangoni na kusomwa barazani. Lilisema hivi: "Wakulima wapya watapewa mbegu na mbolea za mkopo mwanzo wa msimu. Kila mtu atayarishe shamba lake mapema." Niliona ni tangazo zuri, lisilo na maneno mengi.

Mwezi wa Oktoba, mzee mmoja alifika ofisini na magunia mawili matupu begani. Alikuwa amehamia skimu mwezi wa Februari kutoka upande wa Machakos.

"Karani," akasema, "nimekuja kuchukua mbegu. Shamba langu liko tayari, hata jani moja la magugu halimo."

Nikamwambia, "Mzee, mbegu tulizigawa mwezi wa Machi. Msimu umekwisha."

Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto mjinga. "Umekwishaje, mwanangu, nao haujaanza?"

Tulikaa kitako tukazungumza. Kwao Machakos mvua hunyesha mara mbili kwa mwaka. Ile ya Machi hadi Mei huitwa mvua ndefu, lakini mara nyingi hudanganya. Mvua ambayo mkulima wa huko huitegemea zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba, ambayo Wakamba huiita mvua ya nthwa. Basi mzee alipowaona majirani zake wapya wakipanda mwezi wa tatu, alisema moyoni, "Hawa wana haraka." Yeye alipanda maharagwe kidogo tu, akalima shamba lililobaki vizuri, akangoja mvua ya kweli. Aliposikia tangazo langu likisema "mwanzo wa msimu", alihesabu ni Oktoba.

Mzee huyu hakuwa mvivu. Shamba lake lilikuwa safi kuliko mengi ya skimu. Lakini Oktoba ile majirani walikuwa wakivunja mahindi, na mvua ilikuwa ikiondoka. Mahindi ya nchi ile ya juu huhitaji miezi sita au zaidi. Angepanda siku ile, yangekauka kabla ya kubeba. Mwaka ule alinunua unga kwa debe, na ilimbidi auze mtamba wake ili alipe deni la shamba. Mimi niliyeandika "msimu" bila kutaja mwezi nilipokea mshahara wangu kama kawaida. Tangu siku ile neno hili linaniwasha.

NENO LILIKOTOKA

"Msimu" si neno la asili ya Kibantu. Tulilipata kwa Waarabu, ambao husema mawsim. Kwa Kiarabu neno hilo lina mzizi mmoja na neno la kutia alama. Ukitazama Mwarabu wa jangwani akimchoma ngamia wake chapa ili ajulikane ni wa ukoo gani, alama ile huitwa wasm. Kwa hiyo msimu, kwa asili yake, ni wakati uliotiwa alama. Kama vile ng'ombe wako ana chapa ili asichanganyike na wa jirani, ndivyo na msimu ulivyo na chapa yake ili usichanganyike na nyakati nyingine.

Waliolileta kwetu ni mabaharia. Katika Bahari ya Hindi pepo mbili kubwa hupokezana. Kaskazi huvuma tangu Desemba hivi hadi Machi, ikitoka Uarabuni na Bara Hindi kuja kwetu. Kusi huanza kiasi cha Aprili na kuvuma hadi Septemba, ikirudi huko. Kwa karne nyingi majahazi yalifika Lamu, Malindi na Mombasa kwa kaskazi, yakileta tende, samaki wa chumvi na mazulia. Yaliondoka kwa kusi, yamepakia boriti za mikoko na bidhaa nyingine za pwani. Nahodha hakuchagua mwezi apendao. Msimu ndio uliomchagulia.

Aliyeudharau aliadhibiwa. Vasco da Gama, nahodha wa Ureno, alifika Malindi mwezi wa Aprili 1498. Huko alipewa rubani aliyezijua pepo, akaondoka na kusi, akafika Bara Hindi kwa muda usiotimia mwezi mmoja. Lakini wakati wa kurudi hakuungoja msimu. Aliondoka mwanzoni mwa Oktoba, kabla kaskazi haijakaza. Safari ile ile ikamchukua miezi mitatu. Mabaharia wengi walikufa kwa ugonjwa njiani, na alipofika pwani yetu Januari 1499 ilimbidi achome merikebu yake moja, kwa sababu watu waliobaki hawakutosha kuendesha zote. Bahari ilikuwa ile ile, merikebu zile zile na nahodha yule yule. Kilichobadilika ni msimu tu.

Neno hili nalo lilisafiri kama majahazi. Wareno walilichukua wakasema monção, na Waingereza wakasema monsoon, maana yake zile pepo zenyewe pamoja na mvua zake. Wahindi husema mausam, na kwao ni hali ya hewa. Wamalei wa mashariki ya mbali husema musim. Sisi Waswahili tulilitia katika ngeli ya mti na mito, tukasema msimu, misimu. Neno ni moja, lakini kila nchi imelipa maana kwa kadiri ya hewa na kazi zake. Hapa ndipo mzee wangu na mimi tulipopotezana.

KUTOKA BAHARINI HADI SHAMBANI

Utauliza, "Upepo wa majahazi unanihusu nini mimi niliye juu ya milima?" Unakuhusu sana. Zile pepo zinapopokezana, ndipo mvua zetu zinaponyesha. Jua likielekea kaskazini, mkanda wa mvua hulifuata ukapita juu yetu kiasi cha Machi hadi Mei. Watu wa pwani huiita masika. Jua likirudi kusini, mkanda hupita tena kiasi cha Oktoba hadi Desemba. Hiyo ndiyo vuli. Kati ya hizo kuna kipupwe cha baridi katikati ya mwaka, na kiangazi cha jua kali Januari na Februari.

Huo ndio utaratibu wa sehemu nyingi za Kenya, lakini si wote. Upande wa magharibi, katika Trans Nzoia na Uasin Gishu, unyevu utokao Ziwa Victoria na misitu ya Kongo huendelea kuleta mvua hata Juni, Julai na Agosti, wakati Machakos imekauka. Kwa hiyo huko mvua huanza Machi au Aprili, ikaendelea bila kukatika sana hadi Oktoba. Huko hakuna misimu miwili ya mahindi. Kuna mmoja mrefu, na mkulima akiukosa amekosa mwaka.

Babu zetu walilijua jambo hili kabla ya karani yeyote kuandika tangazo. Wakikuyu husema kimera, neno linalotokana na kumea kwa mbegu. Wana kimera cha njahi na kimera cha mwere, yaani waliupa kila msimu jina la mmea wake. Waluo wana chwiri na opon. Waganda wa zamani walihesabu omwaka kuwa muda wa kupanda na kuvuna, miezi sita tu, hivyo mwaka wetu mmoja ulikuwa miaka yao miwili. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja aliipima nchi aliyokuwa akikaa.

Hata leo kuhesabu kwa misimu husema kweli zaidi kuliko kuhesabu kwa miaka. Tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, sehemu za kaskazini na mashariki ya Kenya zilikosa mvua ya kutosha. Mtu wa mjini atasema ni miaka miwili na kitu. Mfugaji na mkulima wa huko watakuambia ni misimu mitano mfululizo, yaani mara tano walitazama mawingu na mara tano yakawapita. Hesabu hiyo ndiyo iliyoonyesha ukubwa wa msiba.

Sasa fikiri juu ya skimu zetu. Tangu skimu za ekari milioni moja zilipoanza katika mwaka wa 1962, watu wametoka kila upande wakakaa bega kwa bega. Mtu huhama na jembe lake, sufuria zake na watoto wake. Huhama pia na kalenda iliyo kichwani mwake. Jembe litafaa popote, lakini kalenda haifai popote. Anayetoka penye misimu miwili kwenda penye mmoja ataugawanya mwaka wake vibaya. Na anayetoka Kitale kwenda Ukambani, akipanda mahindi ya muda mrefu, mvua itamwacha mahindi yakiwa kiunoni.

MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, ukisikia neno "msimu", uliza: wa wapi, na wa mwezi gani? Usione haya. Karani ataona afadhali aulizwe Februari kuliko kulaumiwa Oktoba.

Pili, ukiwa mgeni katika skimu, waulize wenyeji wawili au watatu waliovuna mara nyingi mahali pale. Waulize siku mvua inapoanza, siku inapokatika, na mwaka gani iliwadanganya.

Tatu, chagua mbegu kwa urefu wa msimu. Mahindi ya haibridi ya kwanza yaliyotoka Kitale mwaka wa 1964 yalikuwa ya nchi ya juu yenye mvua ya miezi mingi. Mahindi ya Katumani, yaliyotolewa mwishoni mwa miaka ya 1960, yalitengenezwa kwa nchi ya mvua fupi, na hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne. Yote ni mbegu njema. Mbegu njema mahali pasipo pake ni hasara.

Nne, tayarisha shamba wakati wa kiangazi, mvua ikute udongo umekwisha kulimwa na mbegu ziko nyumbani. Majaribio yaliyofanywa na wataalamu wa Kitale katika miaka ya 1960 yalionyesha kwamba mkulima anayechelewa kupanda na asiyepalilia vizuri hapati faida kubwa, hata akitumia mbegu bora na mbolea. Kila siku unayochelewa baada ya mvua kuanza hula sehemu ya gunia lako.

Tano, sikiliza utabiri. Idara ya Hali ya Hewa hutangaza matarajio ya mvua kabla ya masika na kabla ya vuli. Utabiri si ahadi, lakini ni afadhali kuliko kubahatisha.

Sita, weka daftari. Daftari la shule la bei ndogo latosha. Andika siku ya mvua ya kwanza, siku uliyopanda, siku uliyopalilia, siku uliyovuna, na magunia uliyopata. Kama huwezi kuandika, mtoto wako anaweza. Baada ya miaka mitano utakuwa na kalenda ya shamba lako mwenyewe, na hakuna ofisi iwezayo kukupa iliyo bora kuliko hiyo. Hapo utakuwa umeutia msimu wako alama, kama neno lenyewe linavyosema.

Mzee wangu alifanya hivyo. Mwaka uliofuata alikuja ofisini mwezi wa Februari, wa kwanza katika foleni, akapanda mvua ilipoanza Machi, akavuna kama majirani zake. Mtamba wake hakurudi, lakini sasa ana daftari, na wageni wa skimu huenda kumwuliza yeye kabla ya kuja kwangu. Mimi nami nimejifunza. Siandiki tena "mwanzo wa msimu". Naandika, "Mbegu zitagawanywa wiki ya mwisho ya Februari, kwa kupandwa mvua ya Machi itakapoanza." Ni maneno mengi zaidi, na karatasi hujaa upesi, lakini hakuna aliyeuza mtamba kwa sababu yake.

Wazee wa pwani walisema: Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Basi, mkulima mwenzangu, kabla hujalala usiku huu, jiulize: mvua ya shamba langu huanza lini? Kama jibu lako ni la kule ulikotoka, kesho asubuhi nenda kwa jirani ukaulize upya.