Mvumo wa Gari Kati ya Bunda na Musoma

Dereva anayetoka Bunda kwenda Musoma hakai kwenye mwendo mmoja kwa muda mrefu. Kwenye kijiji kimoja kibao cha 50 kinamshusha, akitoka anapandisha mpaka 80, Kiabakari anapunguza tena, Makutano vilevile, na askari wenye tochi za kupima mwendo hawako mbali. Kupanda na kushuka huko kunawachosha wengi, lakini kwa mwenye gari linalovuma ni kipimo cha bure. Mvumo wenyewe unajulikana: kwenye 40 haupo, kwenye 60 unaanza kusikika, na kwenye 80 umejaa gari zima, abiria wanazungumza kwa kupaza sauti.

Kinachofuata mara nyingi ni kukisia. Beringi inanunuliwa, inafungwa, fedha zinakwenda, na mvumo unabaki palepale kwa sababu tatizo lilikuwa kwenye tairi. Hasara hiyo inaepukika, maana mlio wa namna hii una hesabu ndani yake.

Tairi la 175/65 la rimu ya inchi 14, linalofungwa kwenye magari mengi madogo, lina mzingo wa karibu mita 1.83. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kila sekunde, kwa hiyo gurudumu linazunguka mara 12 kwa sekunde. Sikio la binadamu huanza kusikia kwenye mitetemo 20 hivi kwa sekunde. Ndiyo maana gurudumu lisilo na balansi, ambalo hupiga mara moja kila mzunguko, hutikisa usukani mikononi mwa dereva lakini halivumi. Kinachovuma ni kitu kinachojirudia mara nyingi ndani ya mzunguko mmoja, kama vile kashata za tairi, gololi za beringi au meno ya difu.

Mwaka 1995 wasanii wawili wa Denmark, Steen Krarup Jensen na Jakob Freud-Magnus, walionyesha jambo hili kwa namna ya kupendeza. Huko Gylling walibandika vidude vilivyoinuka juu ya lami kwa nafasi zilizopangwa, na magari yakipita juu yake yalitoa muziki. Rasta zinazokaribia vijiji vyetu hufanya kazi kwa kanuni ileile: ukizipita haraka sauti inapanda, ukizipita polepole inashuka.

Kwanza iondolewe injini kwenye orodha. Gari likiwa limesimama, injini ipandishwe hadi mizunguko ileile inayofika barabarani. Mvumo ukisikika, magurudumu hayahusiki. Usiposikika, na barabarani kubadili gia hakuubadilishi, unafuata mwendo wa gari lenyewe.

Tairi ndilo la kushukiwa mapema, na kulipima hakuna gharama. Watengenezaji hutofautisha kwa makusudi ukubwa wa kashata kuzunguka tairi ili sauti isikusanyike kwenye noti moja. Tairi likiliwa vibaya, ufundi huo unapotea. Shokapu zilizokufa huliacha lirukeruke na kulika mabonde mabonde; alaimenti ikipotea kwenye mashimo ya barabara za vumbi, kashata hugeuka meno ya msumeno. Kiganja kikipitishwa juu yake upande mmoja kinateleza, upande wa pili kinakwaruzwa. Magari yaliyotumika Japani kwenye maeneo ya theluji nayo yanaweza kufika na tairi za theluji, zenye neno STUDLESS ubavuni, ambazo mpira wake laini huisha haraka kwenye lami yenye joto. Dalili kubwa ya tairi ni kwamba sauti hubadilika lami inapobadilika, kutoka laini kwenda yenye kokoto. Zaidi ya hapo, tairi za mbele zikihamishiwa nyuma, mvumo nao huhama.

Beringi haijali lami. Kwa beringi yenye gololi 12, kasoro kwenye ringi ya nje hupitiwa na gololi karibu mara 5 kila mzunguko, yaani mara 60 hivi kwa sekunde gari likiwa kwenye 80. Huo ni mvumo mzito. Kwenye kona ya kushoto uzito huhamia magurudumu ya kulia, hivyo mvumo ukikua hapo, inashukiwa beringi ya kulia. Dalili hiyo peke yake haitoshi. Gari linyanyuliwe, likae juu ya stuli na si jeki tupu, gurudumu lizungushwe kwa mkono huku mkono mwingine umeshika springi: beringi mbovu hukwaruza mpaka kwenye vidole. Maji ya makorongo ni adui wake, kwani beringi yenye joto ikizama ghafla hupoa na kuvuta maji ndani kupitia sili iliyochoka. Kuivumilia ni hatari, maana inaweza kupata moto, kushika, na hatimaye gurudumu kuchomoka njiani.

Musoma, mji uliojengewa kiwanda cha nguo cha MUTEX, una undugu na historia ya beringi. Sven Wingquist alikuwa mhandisi wa kiwanda cha nguo huko Göteborg, Sweden, kilichosimama juu ya udongo wa mfinyanzi uliokuwa ukititia na kupinda shafti za mitambo. Mwaka 1907 alibuni beringi ya gololi inayojinyoosha yenyewe, na mwaka huohuo kampuni ya beringi ya SKF ikaanzishwa.

Kwa Hiace na magari mengine yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, mvumo unaokuja mafuta yakikanyagwa na kutoweka mguu ukiinuliwa hupeleka macho kwenye difu na kiwango cha oili yake.

Halafu kuna keria ya mabomba juu ya paa. Upepo ukipita kwenye bomba la mviringo huacha nyuma yake vimbunga vidogo vinavyopokezana juu na chini; sauti inayotokana navyo aliipima Vincenc Strouhal mwaka 1878. Kwa bomba la sentimita 2 na mwendo wa 80, hesabu inatoa mitetemo 220 hivi kwa sekunde. Mvumo huu hujisaliti kwa kubadilika upepo wa ziwa ukigeuka, ingawa mshale wa spidi haujasogea. Kamba ikizungushwa kwenye bomba kwa mtindo wa skrubu huvivuruga vimbunga hivyo na sauti hufifia. Kwa sababu hiyohiyo mabomba marefu ya moshi ya viwandani huzungushiwa vibamba vya chuma karibu na kilele.