Hii Lapi Ni Yako, Si Ya Matangazo

Juba, msee akiingia mtandao analipa mara mbili. Kwanza ni bando, iwe ya MTN, Zain ama Digitel. Pili ni stima: ka umeme ya JEDCO imekatika ama waya haijawai fika mtaa yenu, ni jenereta, na jenereta haiwakangi na hewa. Sasa cheki msee ako Gudele usiku, amewasha lapi atume form ya scholarship kabla muda uishe. Anafungua Chrome, badala ya Google inatokea site ya kusaka yenye hajawai iskia. Tabu za kubet zinajifungua zenyewe. Kona ya chini, upande wa kulia, kuna kitu inapiga nduru ati lapi imejaa virusi, bonyeza hapa ulipie dawa. Form bado haijafunguka, na hizo taka zote zimeshushwa na MB zake, zikachoma mafuta yake. Mimi hiyo naita wizi, na inaniuma, ju nimeona watu wakipitwa na vitu za maana wakipigana na matangazo.

Jina ya hiyo kitu ni adiwea. Ile aina yenye inateka brauza haina haja ya kuua lapi yako. Inaitaka ikiwa hai, ju ganji inaingia ukiendelea kuklik. Inabadilisha ukurasa wa kwanza, inabadilisha mahali unasakia vitu, alafu kila kitu unasaka inapitishwa kwa mlango ya msee mwenye analipwa kwa kila jicho na kila klik. Ni ka abiria amedandia boda yako bila kulipa, na bado ndiye anaambia rider apite kwa maduka ya mabeste wake.

Na nyuma ya hii mchezo kuna makampuni, si matoi wa bedroom. 2017, kampuni ya usalama ya Check Point ilitoa ripoti juu ya Fireball, adiwea ya kampuni ya Beijing inaitwa Rafotech, ikasema imeingia kompyuta milioni 250 dunia nzima. Microsoft walisema hiyo namba imetiwa chumvi, lakini ata wao hawakukataa ati Fireball iko. Miaka miwili kabla ya hiyo, Februari 2015, ilijulikana Lenovo walikuwa wameuza lapi zikiwa na Superfish ndani, moja kwa moja kutoka kiwandani. Ilikuwa inapachika matangazo kwa site unafungua, ata zile ziko na alama ya kufuli, na hiyo ikaacha njia wazi ya mwizi mwingine kusoma pasiwadi zako. 2017 Lenovo walikubali kulipa majimbo ya Marekani dola milioni 3.5. Kwa hivyo ukinunua lapi ya mtumba Konyo Konyo ama Custom, usidhani iko safi ju imefutwa vumbi. Hujui imepita mikono ya nani.

Huku kwetu milango ya hii kitu inajulikana. Wa kwanza ni flash. Bando iko juu, kwa hivyo hakuna mtu anashusha kitu yenye beshte yake iko nayo tayari. Movie, ngoma, Office ya kukrakiwa, zote zinatembea kwa flash kutoka hosteli moja hadi ingine, University of Juba mzima. Siwezi laumu mtu kwa hiyo, ni vile maisha iko. Ngori iko kwa ile faili ndogo inajiita aktiveta, yenye inakuambia uzime antivirus kwanza ndio ifanye kazi. Ukiskia hivo, sare hiyo kitu. Mwanzo wa 2022, ChromeLoader ilianza kusambaa vile vile: faili za ISO zenye zilijifanya gemu na movie za bure. Ukifungua moja, inapanda ekstensheni kwa Chrome, alafu inaficha kazi ndani ya Windows ya kuirudisha kila ukiitoa.

Mlango wa pili ni VPN ya bure, na hapa Juba iko na historia yake. Januari 2025, baada ya video za Wasudan Kusini wakiuawa Wad Madani, kule Sudan, kusambaa na fujo kuzuka huku, National Communication Authority iliamuru Facebook na TikTok zifungwe kuanzia tarehe 22, hadi siku 90. Zilifunguliwa tarehe 27. Hizo siku wasee walisaka VPN yoyote yenye ilikuwa karibu, bila kuuliza ni ya nani. Mtandao ulifunguka, na VPN ikabaki imekaa tu kwa brauza. Sasa skia hii: 2015 ilijulikana Hola, VPN ya bure yenye mamilioni ya watu walikuwa wanatumia, ilikuwa inauza laini za watumiaji wake kupitia biashara yake ingine, Luminati. Mtu asiyekujua analipa Luminati, trafiki yake inapita kwako. Huko kwenye intaneti haina kipimo labda mtu haskii uchungu. Mtu mwenye ananunua bando ya siku, hiyo ni chakula yake imeuzwa.

Mlango wa tatu ndio wa wengi, na hauhitaji ata kuweka programu. Unaenda kucheki mechi ya bure ama movie, site inakuambia bonyeza “Allow” uonyeshe wewe si roboti. Ukibonyeza, umeipa ruhusa ya kukutumia notifikesheni mchana na usiku. Zile nduru za virusi kwa kona ya skrini mara nyingi ni hizo tu. Lapi haina kirusi.

Na hapo ndio mafundi wengine wanakula. Msee anaingia na lapi, fundi anaicheki kidogo tu, hukumu inatoka: format. Unalipa, unapoteza kazi ya muhula mzima na picha za familia zenye hazina kopi mahali, alafu unarudishiwa Windows ingine ya kukrakiwa, na pengine adiwea mpya ndani. Format iko na siku yake, lakini isikuwe kitu ya kwanza. Keti chini ya mti kwa mama wa shai, hakikisha lapi iko na chaji, ufanye hivi.

Anza na hizo notifikesheni, ju ni rahisi. Kwa setingi za Chrome, ingia sehemu ya faragha na usalama, fungua setingi za site, tafuta notifikesheni. Utapata orodha ya site zenye umewai ruhusu. Toa kila moja yenye huijui. Wengi shida yao inaishia hapo, na hawajatumia ata shilingi.

Ka brauza bado inakuhepesha kwa site za ajabu, kabla uguse kitu ingine, zima sinki ya akaunti yako. Hii ndio watu wanarukanga, alafu wanalia ati adiwea imerudi. Chrome inabeba ekstensheni na setingi zako kwa akaunti ya Google; ukisafisha lapi na akaunti bado iko na uchafu, ukiingia tena uchafu unashuka wote. Zima sinki, safisha, hakikisha iko poa siku kadhaa, ndio uiwashe. Na ka unatumia akaunti hiyo hiyo kwa kompyuta ya ofisi ama ya cyber, nenda uchomoe ekstensheni huko pia.

Alafu andika chrome://extensions pale juu. Kila ekstensheni yenye hukumbuki kuiweka, toa. Usiwe na huruma na zile za kubadilisha PDF, za hali ya hewa, za kuponi, na hiyo VPN ya 2025. Ukipata moja haina kitufe ya kutoa, na Chrome imeandika ati inasimamiwa na shirika lako, wakati hiyo lapi ni yako na hujaajiriwa na mtu, kuna programu imejipa cheo cha bosi wako. Antivirus zingine huacha hiyo alama pia, kwa hivyo usipanik. Andika chrome://policy uone ni sheria gani imewekwa. Ikitaja ekstensheni huijui, chanzo iko ndani ya Windows yenyewe.

Basi ingia huko. Bonyeza kitufe ya Windows na R, andika appwiz.cpl, panga programu kwa tarehe ya kuwekwa. Jikumbushe hii ngori ilianza lini, alafu cheki nini iliingia hiyo siku. Adiwea hutembea kwa mbogi: utapata majina matatu ama manne ya tarehe moja. Zitoe zote. Pia klik kulia kwa ikoni ya Chrome, fungua “Properties”, soma ule mstari wa “Target”. Ukiona anwani ya site imeongezwa mwisho, ifute. Hiyo ndio inafungua ile ukurasa ya ajabu ata baada ya kureset Chrome. Na Task Scheduler ndio maficho ya vitu ka ChromeLoader, kwa hivyo pitia uone ka kuna kazi yenye inaamsha PowerShell kila baada ya dakika kadhaa.

Ukishamaliza na mikono, leta AdwCleaner, programu ya kusaka na kutoa adiwea. Ilianza ka mradi wa Mfaransa mmoja, 2016 kampuni ya Malwarebytes ikainunua. Ni ndogo, haifiki MB 10, haihitaji kuinstolu, na ni ya bure. Ikikuitisha ganji, umeshika feki. Ichukue kwa site ya Malwarebytes wenyewe, usiitoe kwa site za kati zenye zinafunga programu ya watu na mizigo yao. Sevu kazi yako kwanza ju inafunga kila kitu na inaweza restati lapi. Malwarebytes yenyewe ilianzishwa 2008 na Marcin Kleczynski, mtoto wa familia yenye ilihama Poland ikaenda Marekani. Alikuwa tineja wakati kompyuta ya kwao ilijaa uchafu, akakataa kukubali, akajifunza kuitoa. Nawaambia vijana wa Juba hiyo stori ju wengi wetu tumekulia Kakuma, Nairobi ama Kampala, na tumezoea kudhani hii maarifa ni ya watu wengine.

Mwisho, washa Microsoft Defender yenye ulizimishwa na aktiveta. Ndani yake, kwa sehemu ya kudhibiti programu na brauza, kuna swichi ya kuzuia programu zisizotakiwa. Iweke on. Ile skani ya “Offline” pia ni noma kwa vitu zimejificha: lapi inajizima, inajiwasha na kupekuliwa kabla Windows iamke, karibu dakika 15. Ifanye betri ikiwa imejaa, ju mafi kahraba, yaani stima kukosekana, inaweza kukupata katikati. Ka uko Windows 10, jua masasisho ya kawaida yaliisha 14 Oktoba 2025, kwa hivyo hiyo Defender ndio ngao yako na usiizime tena. Badilisha pasiwadi ya emaili ukitumia fone yenye iko safi, ndio ufuatishe zingine.

Ukimaliza yako, usiishie hapo. Weka AdwCleaner kwa flash ile ile yenye unabebea movie, uipitishe kwa mbogi yako, Munuki, Hai Cinema, Jebel, kila mahali hiyo flash inafika. Na beshte akikuambia fundi amesema format, mwambie angoje kwanza, ukae naye mfungue hiyo lapi pamoja.