Safarini Nchini Mwako: Piga Picha, Kisha Andika Jina

Askari na jamaa zake ni watu wa safari. Leo familia inaishi Mbarara. Baada ya miaka michache amri ya uhamisho inaipeleka Gulu, kisha Moroto, na mtoto hujikuta katika shule ya tatu kabla hajamaliza masomo ya msingi. Kwa ajili hiyo watu wa kambini huijua Uganda kuliko raia wengi. Wameuvuka mto Nile usiku wakiwa ndani ya basi, na wameuona mlima Wanale ukisimama kama ukuta nyuma ya mji wa Mbale. Hata hivyo, katika nyumba nyingi ushahidi wa safari hizo ni mdogo mno. Picha zilizopo ni za arusi, za ubatizo na za gwaride. Mji wenyewe haumo, wala ufuko ambao watoto waliogelea siku ya likizo.

Hasara hiyo haionekani mara moja. Huonekana miaka mingi baadaye, mahali penyewe panapokuwa pamebadilika au pametoweka kabisa.

MAHALI PASIPORUDI

Jinja ni mfano ulio wazi. Mwingereza John Hanning Speke alifika kwenye maporomoko ya Ripon tarehe 28 Julai 1862, akauona mto Nile ukitoka ziwani. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na maporomoko hayo yakazama. Mtoto wa Jinja wa leo huyajua kwa picha tu. Kilomita chache chini ya hapo yalikuwapo maporomoko ya Bujagali, ambako familia zilikwenda kupumzika na vijana walijitupa katika maji makali wakikumbatia madebe ya plastiki, watazamaji wakiwatupia fedha. Nayo yalizama mwishoni mwa mwaka 2011, bwawa jipya lilipojazwa maji. Taifa lilihitaji umeme, na umeme ukapatikana. Lakini sura ya maji yale hairudi tena.

Kampala nayo ilipata msiba wake. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto uliteketeza Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi, iliyojengwa mwaka 1882. Kazi ya kuijenga upya ilichukua zaidi ya miaka kumi. Kila aliyewahi kusimama mbele ya nyumba ile na kupiga picha alikuwa ameweka akiba bila kujua.

Fukwe pia hazidumu. Mwezi Mei 2020 maji ya Ziwa Viktoria yalifikia mita 13.42 katika kipimo cha Jinja, yakapita kidogo kimo cha mita 13.41 cha mwaka 1964. Huko Entebbe maji yaliingia katika kumbi za starehe, yakafunika mchanga ambao watu wa Kampala walizoea kuukalia kila Jumapili. Mwenye picha ya ufuko ule kabla ya mafuriko aweza kumwonyesha mwanawe mahali ukingo wa maji ulipokuwa. Asiye nayo atabaki kunyosha kidole kuelekea ziwani.

JUA NA SURA ZA WATU

Katika nchi iliyo kwenye mstari wa Ikweta, jua huchomoza karibu na saa moja asubuhi na kuzama karibu na saa moja jioni, mwaka mzima. Adhuhuri huwa utosini, na uso wa mtu hujaa vivuli machoni na chini ya kofia. Basi picha nzuri hupigwa kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni.

Ufukweni liko tatizo jingine. Maji na mchanga hurudisha mwanga mwingi, na ngozi nyeusi mbele ya mwangaza huo hutokea kama kivuli kitupu. Mpiga picha alipe jua mgongo, au alisimamishe ubavuni. Anayetumia simu aguse sura ya mtu kwenye kioo kabla ya kupiga, ili simu ipime mwanga wa uso na si wa anga. Mstari wa maji uwe sawa, usilale upande. Tena kiwepo kitu kisichohama, kama mti mkubwa, gati au mwamba, ili siku za mbele ijulikane mahali hasa palipopigwa picha. Katika ufuko wa Lutoboka, kisiwani Bugala katika visiwa vya Ssese, picha ya mchanga na maji peke yake yaweza kuwa ya ufuko wowote duniani. Ikiwa na gati na kilima nyuma yake, ni ya Kalangala.

Mjini, watu wengi hukimbilia sanamu na minara. Hiyo si vibaya, lakini vitu hivyo vitapigwa picha na wengine. Kinachopotea upesi ni mambo ya kawaida: duka la kona, kituo cha magari, kibao cha fundi viatu, majengo ya zamani ya wafanyabiashara wa Kihindi katika barabara kuu ya Jinja. Tarehe 1 Julai 2020 Arua, Gulu, Jinja, Mbarara, Masaka, Mbale na Fort Portal zilipandishwa na kuwa majiji. Jiji linalokua hubomoa na kujenga. Anayepita huko leo apige barabara nzima, si jengo moja.

ADABU NA USALAMA

Mtu si mti. Mvuvi anayetengeneza nyavu au mama anayeuza samaki aombwe kwanza, kwa salamu na kwa heshima ya mahali. Akikataa, kamera ishushwe. Watoto wanaoogelea uchi wasipigwe picha kamwe.

Familia za askari zina wajibu zaidi. Lango la kambi, silaha, msafara wa magari, kizuizi cha barabarani, kiwanja cha ndege, mabwawa na madaraja makubwa yanayolindwa si vitu vya kupigwa picha ovyo. Penye mlinzi aulizwe, penye tangazo la kukataza litiiwe. Lipo pia jambo ambalo mke au mtoto aweza kulisahau: simu nyingi huandika ndani ya picha saa na mahali ilipopigwa. Maelezo hayo ni mema katika hifadhi ya nyumbani. Yakitumwa kwa watu wasiojulikana, pamoja na sura ya baba aliyevaa sare, yaweza kumweleza adui yuko wapi. Kabla ya safari, sehemu ya simu inayorekodi mahali izimwe, na mahali paandikwe kwa mkono.

JINA NYUMA YA PICHA

Mwaka 2015 katika Shirika la Utangazaji la Uganda zilipatikana negativu zipatazo 70,000, nyingi zikiwa zimepigwa na wapiga picha wa serikali kati ya miaka ya 1950 na 1980. Baadhi zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda mwaka 2019. Thamani yake haikuwa katika wingi tu. Bahasha zake zilikuwa zimeandikwa tarehe na habari ya picha, na kwa hiyo zikasomeka baada ya miaka mingi.

Nyumbani ifuatwe kanuni hiyo hiyo. Kila baada ya safari zichaguliwe picha chache, zisafishwe studio, na nyuma ya kila moja paandikwe kwa penseli, bila kukandamiza, mahali, tarehe na majina ya waliomo. Zihifadhiwe katika mkebe wenye kifuniko, mbali na unyevu na mchwa, na nakala zipelekwe kwa ndugu anayeishi mahali pengine. Simu huibwa, huvunjika na kuanguka majini. Mkebe huingia katika sanduku la uhamisho pamoja na vyombo, na familia ikifika kituo kipya, miji yote iliyopita huwa imefika pamoja nayo.