Maji ya Mirongo na maji ya ziwani: tunalinganishaje?

Mto Mirongo hukatiza katikati ya jiji la Mwanza na kumwaga maji yake Ziwa Victoria, ziwa lilelile ambamo jiji huvuta maji ya kunywa pale Capri Point na Butimba. Ukiuliza kama maji ya mlangoni mwa mto yana bakteria wa kinyesi wengi kuliko yale ya mbali na ufuko, wengi watakujibu ndiyo bila kupima. Anayepima ndiye anayepata shida, kwa sababu maji hayatulii. Leo hesabu ni ndogo. Kesho mvua inanyesha, uchafu wa vilimani unashuka, hesabu inaruka. Je, tofauti tunayoiona imeletwa na mahali, au na siku tulizoangukia kuchota?

Tuchukue namba za kubuni, kwa ajili ya kujifunza tu. Mlangoni mwa mto, kwa siku tano, tumehesabu bakteria 200, 350, 400, 600 na 9,000 katika kila mililita 100. Mbali na ufuko, kwa siku tano nyingine, tumepata 20, 40, 90, 150 na 250.

Wastani wa kundi la kwanza ni 2,110. Utazame vizuri: siku nne kati ya tano ziko chini yake kabisa. Siku moja ya mvua imeuvuta wastani hadi mahali ambapo hakuna sampuli hata moja. Thamani ya katikati, yaani 400, inaeleza siku ya kawaida kwa uaminifu zaidi.

Hapa ndipo jaribio la t linapokwama. Lilitolewa mwaka 1908 na William Gosset, mtaalamu wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, aliyetumia jina la Student. Jaribio hili hugawa tofauti ya wastani mbili kwa kipimo cha mtawanyiko wa namba. Ile 9,000 inaongeza tofauti, lakini inaongeza mtawanyiko pia. Kwa namba zetu, jibu linasema kwamba hata kama mahali pasingekuwa na athari yoyote, tofauti kubwa kiasi hiki ingejitokeza kwa bahati karibu mara 3 katika 10. Mtafiti anaondoka akidhani hakuna kitu.

Njia ya pili ilielezwa na Frank Wilcoxon mwaka 1945, kisha Mann na Whitney wakaiendeleza mwaka 1947. Changanya namba zote 10, zipange kutoka ndogo hadi kubwa, uzipe nafasi: 20 ni ya 1, 40 ni ya 2, hadi 9,000 iliyo ya 10. Sampuli za mbali zimeshika nafasi ya 1, 2, 3, 4 na 6; jumla ni 16. Nafasi 10 zinaweza kugawanywa katika makundi mawili ya tano tano kwa njia 252. Zinazotoa jumla ya 16 au chini yake ni 2 tu, na upande wa pili, kwenye jumla kubwa, kuna 2 nyingine. Basi ni 4 katika 252, chini ya 2 katika 100. Hata ile 9,000 ingekuwa 90,000, ingebaki nafasi ya 10.

Kwa data za ziwa, zenye mvua za ghafla namna hii, mimi ningeanza na nafasi. Lakini hakuna jaribio linaloponya uchotaji mbaya. Chupa tano zilizojazwa asubuhi moja mahali pamoja hazihesabiki kuwa sampuli tano. Zote zinasimulia asubuhi ileile. Na ukichagua jaribio baada ya kuona lipi linakupendeza, ile 2 katika 100 haina maana tena.

Upo uchotaji ulio bora zaidi: kwenda sehemu zote mbili siku moja, ili mvua iwe ileile, kisha kutazama tofauti ya kila jozi. Wilcoxon aliweka jaribio la jozi pia. Kabla ya kukodi mtumbwi, piga hesabu hii. Kwa jozi tano, hata mto ukizidi siku zote tano, uwezekano wa bahati haushuki chini ya 2 katika 32, yaani takribani 6 katika 100, na kikomo kilichozoeleka ni 5. Jozi sita zinashusha hadi 2 katika 64, takribani 3 katika 100. Safari hiyo moja ya ziada ndiyo inayofanya zile tano za kwanza ziweze kusema kitu.