Je, Wajua? Boriti Ndiyo Iliyopima Chumba

Je, wajua kwamba katika nyumba kongwe za mawe za Waswahili, upana wa chumba uliamuliwa na mti wa mkoko? Dari ilibebwa na boriti za mti huo, na boriti haikuvuka sana mita 3, ndiyo maana vyumba vilikuwa virefu na vyembamba. Sakafu ikiwa finyu, pambo lilipelekwa ukutani: vidaka vya chokaa viliwekwa vyombo vya kauri bila kuziba njia. Kisiwani Pemba, katika ngome ya Pujini ya karne ya 15, hata chumba cha chini ya ardhi kina umbo la siwa (baragumu la heshima) lililochongwa kwenye lipu.

Atasema mtu kuwa hayo yalikuwa ya matajiri. Kweli, chokaa haikuwa ya kila mtu. Lakini nyumba ya udongo nayo ilifuata hesabu ileile kwa mkeka wa ukili uliotiwa rangi, uliopamba sakafu kisha ukakunjwa nafasi ikihitajika. Makochi mapana yanayojaza sebule za leo (na bado hununuliwa!) hayakunjiki. Basi, msomaji, pima chumba kabla hujaenda dukani.